Afya ya Mama Inaanzia Kwenye Jerikeni: Niliyoyaona Mengo

 

Mwezi huu nimeombwa niandike ukurasa wa afya ya kina mama. Kusema ukweli nilitaka kukataa. Mimi ni mwalimu wa kujitolea tu, nafundisha darasa la nne na la tano, tena ni kijana ambaye hata sijaoa. Nitawaambia nini kina mama waliozaa mara saba? Lakini nikakumbuka safari yangu ya Kampala, pale Mengo, nilipompeleka shangazi yangu kutibiwa. Nikaona hapana, ninalo la kusema, na zaidi ninalo la kuwaambia wanaume wenzangu.

Shangazi mwenyewe ameniruhusu. Aliniambia, "Andika, baba. Lakini jina langu uliache. Watu waujue ugonjwa, wasinijue mimi." Ndiyo maana hata jina langu mimi halipo chini ya makala hii. Ukinijua mimi umemjua na yeye.

MFICHA MARADHI

Shangazi ndiye aliyenilea tangu tulipokimbia kutoka Kivu. Ana watoto sita wa tumbo lake, na sisi wawili wa kaka yake. Mtoto wake wa mwisho alimzaa siku chache tu baada ya kufika hapa. Wiki iliyofuata alikuwa tayari yuko bombani na jerikeni kichwani, na mtoto mgongoni. Nani angemsaidia? Mume wake alikuwa kwenye foleni ya kuandikishwa, na sisi watoto tulikuwa tunasubiri chakula.

Miaka ilipita. Sisi tulianza kuona mabadiliko bila kuyaelewa. Shangazi akawa anakaa kwa upande mmoja. Akaacha kwenda kwenye maombi. Kitenge anakifunga kwa nguvu sana kiunoni, na kila mara anaomba sabuni. Akitoka kulima lejaleja kwenye mashamba ya watu, anajilaza kwanza. Mimi, naona aibu kuandika, nilidhani ni uvivu. Kuna siku niliuliza kwa sauti kubwa mbona chakula kimechelewa. Hakunijibu kitu. Aliinuka, akasonga ugali.

Kumbe kizazi chake kilikuwa kimeshuka. Alikuwa ameishi hivyo zaidi ya miaka mitatu, bila kumwambia mtu, hata mume wake. Tulijua siku alipoanguka bombani. Nesi wa kituo cha afya ndiye aliyemfunua na kumuuliza, "Mama, hii kitu imeanza lini?" Shangazi akalia.

Wazee walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi najiuliza, je, yeye alificha, au sisi hatukutaka kuona?

MENGO, MLIMA NA BONDE

Basi tukafanya mpango wa safari. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilometa karibu 270. Tulikuwa na binamu yake anayeishi bondeni karibu na Mengo, sisi tunamwita Mama Mdogo. Huko ndiko tulikolala majuma matatu.

Kwa wale ambao hamjafika, niwaelezee kidogo. Kampala ni mji wa vilima. Mengo ni kilima cha ufalme wa Buganda. Hapo kuna Lubiri, ndiyo ikulu ya Kabaka, na kuna Bulange, jengo la baraza lao, na barabara moja iliyonyooka inaunganisha hizo mbili. Ng'ambo kuna kilima cha Namirembe chenye kanisa kuu la Waanglikana, na kilima cha Rubaga chenye kanisa kuu la Wakatoliki. Juu huko kuna miti, upepo mzuri, nyumba zenye ukuta na geti.

Ukishuka chini, mambo ni mengine. Bonde la Kisenyi limejaa vyumba vilivyobanana, vinu vya kusaga mahindi, gereji, maduka ya Wasomali, wakimbizi wa kila taifa. Mvua ikinyesha, maji yote ya vilimani yanashuka huko, pamoja na taka. Nzi, choo cha watu wengi, na kodi ya nyumba kila mwezi. Kutoka getini kwa tajiri mpaka mlangoni kwa Mama Mdogo ni mwendo wa dakika ishirini tu kwa miguu. Lakini ukimwangalia mwanamke wa juu na mwanamke wa chini, utaona dakika hizo ishirini kwenye miguu yao, kwenye ngozi, kwenye meno, hata kwenye umri wanaoonekana kuwa nao.

Mama Mdogo anauza vitenge na hereni kwa kutembeza, kama kina mama wengi wa Kongo walioko Kampala. Anatoka saa moja asubuhi, vitenge begani na kichwani, anapita maofisini, saluni, sokoni, mpaka jioni. Jioni miguu yake inavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Alituambia siri moja ambayo sikuwahi kuifikiria: mchana kutwa hanywi maji. Kwa nini? Kwa sababu choo cha mjini ni cha kulipia, na akiacha mzigo nje utaibiwa. Basi anavumilia na kiu, anabana na mkojo. Matokeo yake kila baada ya muda anaugua maambukizi ya njia ya mkojo, na anatumia pesa nyingi ya dawa kuliko ile ya choo aliyookoa. Huo si ujinga. Mtu maskini anakata pale anapoweza kukata, na mara nyingi mama anakata kwenye mwili wake mwenyewe.

HOSPITALI YA MWAKA 1897

Wakati shangazi anasubiri vipimo vyake, mimi nilikuwa nazunguka. Mwalimu hawezi kukaa bila kuuliza. Hapo Namirembe, mtelemkoni, kuna Hospitali ya Mengo, ambayo ndiyo hospitali ya zamani kuliko zote Uganda. Ilianzishwa mwaka 1897 na daktari Mwingereza wa misheni, Albert Cook. Majengo ya kwanza yalikuwa ya matete na nyasi. Mwaka 1902 radi iliyachoma, yakajengwa mengine.

Kati ya waliokuja Uganda na daktari huyo alikuwepo nesi, Katharine Timpson, ambaye baadaye aliolewa naye mwaka 1900. Huyu mama ndiye aliyeanzisha pale Namirembe shule ya kufundisha wakunga Waganda, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Iliitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule. Wasichana wale walijifunza kuzalisha, wakatumwa vijijini kwenye vituo vidogo vya uzazi. Wewe mama unayezaa leo ukishikwa mkono na mkunga Mwafrika mwenye cheti, ujue historia ya kazi hiyo hapa Uganda ina mizizi yake pale Mengo.

Lakini kuna sehemu nyingine ya historia hiyo, na ndiyo iliyonigusa zaidi. Madaktari wale walikuta kina mama wengi wakipata uzazi mgumu na watoto wengi wakifa. Walitafuta sababu. Moja waliyoitaja ni kwamba wasichana wa kawaida walibebeshwa mizigo mizito kichwani tangu wadogo, maji na kuni na ndizi, mpaka nyonga zao zikaharibika. Leo wataalamu wanatilia mkazo zaidi mambo mengine: msichana asiyekula vizuri utotoni hakui vizuri, na akipata mimba kabla nyonga haijakomaa, mtoto anakwama. Lakini ona, swali walilouliza miaka mia moja iliyopita ni lilelile la leo: kazi ya msichana mdogo inamfanyia nini mama wa kesho?

Kosa lao lilikuwa mahali pengine. Mwaka 1908 ofisa mmoja wa jeshi la Uingereza, Kanali Lambkin, alitangaza kwamba sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda wana kaswende, na lawama nyingi ikaangukia wanawake, eti wamepata uhuru kupita kiasi. Watu walilazimishwa kupimwa. Baadaye madaktari wengine walionyesha kwamba kwa sehemu kubwa walikuwa wamechanganya ugonjwa huo na buba, ambayo inaambukizwa kwa ngozi hata kwa watoto, haina uhusiano na tabia ya mtu. Yaani mwanamke alilaumiwa tabia, na ugonjwa ulikuwa wa umaskini. Ndugu zangu, tabia hiyo ya kulaumu tumeiacha? Mimi nilimwita shangazi mvivu.

TABAKA LINABADILISHA KAZI, HALIBADILISHI ZAMU

Zamani Buganda ilikuwa na ngazi zake. Kuna wa ukoo wa kifalme, kuna wakuu wanaoitwa bami, na kuna watu wa kawaida, bakopi. Mke wa mkopi alilima ndizi, alichota maji, alipika. Mwanaume alijenga, alipiga magome ya mti kutengeneza nguo, alikwenda vitani. Mwaka 1904 pamba ilipoanza kulimwa kwa ajili ya kuuza, wengi walipata pesa ya kodi, lakini jembe la mama halikupungua. Chakula bado alilima yeye, na pamba nayo ikaongezeka.

Mke wa mkuu alikuwa na watumishi, hakulima sana. Lakini hata yeye, kwa mila ya wakati ule, mwanamke hakuruhusiwa kula kuku wala mayai. Anapika, anapakua, anapiga magoti, hali. Hata tajiri alikosa chakula kinachojenga damu, tena akiwa mjamzito. Hapo utaona vitu viwili tofauti. Tabaka linaamua kazi ngapi utafanya. Nafasi yako katika familia inaamua utakula nini, utapumzika lini, na nani ataamua juu ya mwili wako. Mama maskini anabanwa na vyote viwili kwa pamoja.

Leo je? Jirani wa Mama Mdogo ana binti anayefanya kazi za ndani kwa mama mmoja tajiri huko kilimani. Yule mama tajiri ana gari, ana jiko la gesi, habebi hata ndoo. Ana presha na sukari, na daktari amemwambia atembee kila siku. Kina mama wa bondeni walicheka sana waliposikia. "Aje atembeze vitenge na sisi, atapona!" Lakini binti akasema jambo lingine: huyo mama aliambiwa afanyiwe upasuaji wa uvimbe kwenye kizazi, na akasubiri miezi, kwa sababu mume wake alikuwa safarini na mama mkwe alikataa. Pesa ipo, hospitali ipo, ruhusa haipo.

Na mimi nikaona jambo la tatu. Kazi ya yule mama tajiri haikupotea. Ilishuka, ikamwangukia binti wa bondeni, ambaye anaamka saa kumi na moja na kulala saa sita. Na kazi za nyumbani kwa binti zikashuka kwa mdogo wake wa miaka tisa. Mzigo wa nyumba mwanamke mmoja akiutua, mara nyingi unapokelewa na mwanamke mwingine aliye chini yake.

Msidhani hayo ni ya Kampala tu. Shangazi alipougua, jerikeni zetu zilibebwa na nani? Na binamu yangu wa miaka kumi na tatu, ambaye aliacha darasa la sita. Mimi ni mwalimu, nalilia wasichana wasiache shule, na kwetu msichana ameacha shule. Nilimwona kila asubuhi akipita mbele ya darasa langu na jerikeni, mimi nimeshika chaki.

HESABU YA MAJI

Tufanye hesabu kidogo kama darasani. Kipimo wanachotumia mashirika wakati wa dharura ni lita 15 za maji kwa mtu mmoja kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga na kufua. Familia ya watu saba inahitaji lita 105. Jerikeni moja ni lita 20, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo ni zaidi ya jerikeni tano, zaidi ya kilo mia moja, kila siku ya Mungu, kwa shingo na mgongo na nyonga za mtu mmoja. Hapo hatujahesabu kuni. Hatujahesabu mtoto mgongoni. Hatujahesabu jembe la lejaleja.

Sasa mama huyo ametoka kuzaa wiki iliyopita. Nyama zinazoshika kizazi zimevutika, bado hazijarudi. Akibeba mzigo mzito mapema, zinalegea zaidi. Akizaa tena haraka, zaidi. Akiwa na kikohozi cha muda mrefu au choo kigumu, zaidi. Hivyo ndivyo kizazi kinavyoshuka polepole. Hakuna uchawi, na hakuna mtu aliyemtupia kitu. Shangazi alikuwa ameambiwa na jirani kwamba amerogwa, na alishatoa kuku wawili kwa mganga.

NANI ANAAMUA UENDE HOSPITALI?

Wataalamu wanasema mama mzazi anakufa kwa kucheleweshwa mara tatu. Kwanza ni nyumbani, kuchelewa kuamua. Pili ni njiani, kuchelewa kufika. Tatu ni hospitali yenyewe, kuchelewa kuhudumiwa. La pili na la tatu tunaweza kulia kwa serikali na mashirika. La kwanza liko ndani ya nyumba zetu.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya huduma, na tunatibiwa kwenye vituo vya serikali kama raia wanavyotibiwa. Tangu mwaka 2001 vituo hivyo viliondoa ada kwa mgonjwa wa kawaida. Hospitali za makanisa na za watu binafsi zinatoza. Lakini hata penye bure, safari si bure, na siku ya kwenda kliniki ni siku isiyo na kibarua. Mama anayelipwa kwa siku anajiuliza: nikienda kupimwa leo, watoto watakula nini? Mwenye mshahara wa mwezi hajiulizi hivyo. Hapo ndipo tabaka linapoingia hadi kwenye kadi ya kliniki.

Hata hivyo kuna matumaini, tena ya namba. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2006 ulikadiria kina mama 435 wanakufa kwa uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 2016 ilikuwa 336. Mwaka 2022 ilishuka hadi 189. Yaani inawezekana. Wanawake wengi zaidi wanazalia kwenye vituo, wengi zaidi wanahudumiwa na mkunga. Waliobaki nyuma ni walewale: maskini, wa mbali, na wasichana wadogo.

KIKAO CHA NYUMBANI KWETU

Daktari alimwekea shangazi pete maalumu ya kushikilia kizazi. Inabidi aangaliwe kila baada ya miezi michache, na baadaye watatazama kama atafanyiwa upasuaji. Akamfundisha zoezi: unabana chini kama mtu anayezuia mkojo, unahesabu mpaka tano, unaachia, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Halafu akasema neno lililotutia wasiwasi kuliko yote: "Nnyabo, usibebe tena kitu kizito."

Tulirudi kambini na neno hilo. Rahisi kusema. Jembe lake ndilo lilikuwa linaleta sabuni, chumvi na daftari. Tukakaa kikao, shangazi, mume wake ambaye mimi namwita baba, mimi na watoto wakubwa. Baba alisema wazi, "Mimi kuchota maji? Nitachekwa. Kwetu mwanaume hasimami bombani." Hakusema kwa ubaya. Huku ukimbizini mwanaume amepoteza ng'ombe, shamba, kazi, na heshima imebaki kidogo tu, anaishikilia. Nilimwelewa.

Shangazi akajibu taratibu, "Baba watoto, wewe ulinibeba mgongoni kuvuka mto tukikimbia. Siku ile nani alikucheka?"

Tulikaa kimya. Kesho yake alfajiri, bado giza, nilisikia jerikeni zikigongana nje. Baba alikuwa amekwenda bombani kabla watu hawajaamka. Mpaka leo anakwenda gizani. Mimi simcheki, na kwenda kwenyewe ndiko muhimu. Mimi nabeba za jioni, mchana kweupe, na wanafunzi wangu wananiona. Mwanzoni walisema, "Mwalimu, umeoa jerikeni?" Sasa wawili kati ya wale wavulana nawaona kwenye foleni na ndoo za mama zao.

Binamu yangu amerudi shuleni, lakini amerudia mwaka. Pesa ya lejaleja imepungua, hilo sitawaficha. Tunakula mara moja siku nyingine. Shangazi anasuka vikapu akiwa amekaa, anauza kidogo. Haijawa sawa na zamani. Lakini amerudi kwenye maombi.

TUFANYE NINI?

Kwa mama mwenyewe:
- Ukisikia uzito chini, kitu kinateremka, mkojo unavuja, au damu isiyo ya kawaida, nenda kituo cha afya. Ni ugonjwa kama malaria, una matibabu. Kumbuka pia methali: mficha uchi hazai.
- Ukiwa mjamzito anza kliniki mapema, usingoje mwezi wa saba. Meza vidonge vya damu. Kunywa chai mbali na chakula, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Lengalenga, sombe, maharagwe na ndagala vinajenga damu.
- Dalili za hatari ni damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza. Usisubiri asubuhi.
- Baada ya kuzaa, wiki sita bila mizigo mizito. Na kati ya mtoto na mimba inayofuata ipite angalau miaka miwili. Muulizeni nesi njia zilizopo, nendeni wawili.
- Uliza kuhusu kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, na wapelekeni wasichana wa miaka kumi kwenye chanjo yake. Uganda iliianza kitaifa mwaka 2015.

Kwa baba na vijana wa kiume:
- Chukua jerikeni. Ukiona aibu, anza alfajiri kama baba yetu.
- Mwambie mke wako leo, kabla hajaugua: "Ukizidiwa, usinisubiri. Nenda." Maneno hayo yanafuta ucheleweshaji wa kwanza.
- Wekeni akiba kidogo ya boda boda ya hospitali, hata shilingi mia kila siku kwenye kopo.
- Mama mjamzito na anayenyonyesha apakuliwe kwanza, asile makombo.

Kwa jirani na mama mkwe: wiki za kwanza baada ya mwanamke kuzaa, pokezaneni kumchotea maji. Kwetu kijijini desturi hiyo ilikuwepo, dada na mashangazi walikuja na kuni na uji. Vita vilitutawanya na ndugu, lakini majirani tunao.

Kwa wazazi wote: mama akiugua, mzigo usishukie kwa binti peke yake. Mgawane, na mvulana awemo.

Mwisho, naomba kila familia jioni ya leo mkimaliza kusoma ukurasa huu mfanye jambo moja dogo. Hesabuni jerikeni zilizoingia nyumbani leo, na jina la aliyeibeba kila moja. Andikeni kwenye karatasi, watoto wanaojua kuandika wawasaidie. Msigombane. Mtazame tu hiyo karatasi pamoja.

Mama wa kambi hii, nawaheshimu. Shangazi, nisamehe kwa ile siku niliyouliza chakula.



Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.